Bwana Afya na Vidonge vya Bundi

Koti lake lilikuwa la kike. Naliweka hilo mbele kabisa, maana kila mtu wa Nyegezi anayemkumbuka Bwana Afya huanza na koti, na mimi sitaki kuonekana namfichia. Lilikuwa la mitumba, rangi ya damu ya mzee, refu mpaka magotini, na kwenye kola lilikuwa na manyoya ya pinki ambayo yakilowa mvua yananuka kama beberu. Alilinunua kwa sababu ya mifuko. Ilikuwa kumi na mmoja, ya nje na ya ndani, na kila mfuko ulikuwa na kazi yake: huu wa sabuni, huu wa chujio la chai, huu wa kibano cha kung'olea nyusi, huu wa lenzi yenye ufa, huu wa cheti cha macho. Cheti cha macho nitakieleza.

"Bwana Afya," vijana wa kijiweni walikuwa wanamwambia, "hilo koti la mama yetu, mwenyewe anajua unalo?"

"Mfuko hauna mume wala mke," anajibu bila kugeuza shingo. "Choo chenu kina mfuniko?"

Hapo utamwona kila mtu anatafuta viatu vyake. Maana alikuwa na uwezo wa kwenda kukikagua hicho choo saa hiyo hiyo, ingawa hakuwa tena na mamlaka ya kukagua hata choo cha kuku. Serikali ilikuwa imeshampunguza. Miaka ile ya soko huria walipunguza watu kama mtu anavyopunguza mchicha bustanini, anavuta huyu, anaacha yule, na aliyevutwa hajui kosa lake. Mimi nilivutwa mwaka huo huo. Nilikuwa mpanga marobota kwenye ghala la pamba la ushirika. Ushirika ukafa, marobota yakaisha, wakaniacha mlinzi wa ghala tupu. Nalinda hewa na milango miwili ya bati.

Shule niliishia darasa la nne, sijui kuandika kwa kuzunguka. Nikisema watu walituharibia, nawataja. Kwenye habari hii wapo watatu, na wa nne nitamtaja nikimfikia.

Wa kwanza ni Leonidas.

Leonidas alikuwa mkuu wake Bwana Afya zamani, wakati bado ana baiskeli ya serikali. Kulikuwa na hofu ya tauni, wakatumwa kutega panya kila mahali, kuhesabu na kuandika ni panya gani. Sasa siku moja asubuhi, kwenye majani marefu ya ufukweni chini ya mawe ya Nyegezi, Bwana Afya akamwona mnyama. Panya mdogo kuliko kidole gumba, rangi ya kahawia, na mstari mweusi mmoja mgongoni kama mtu kapiga rula. Alikuwa amepanda juu ya jani, mkia kauzungusha kwenye jani jingine, anamtazama. "Alinitazama kama karani anavyotazama mtu aliyekuja bila miadi," ndivyo alivyokuwa anasimulia. Kisha akashuka, akapotea. Mtegoni hakuingia hata mara moja.

Bwana Afya akamwandika kwenye ripoti. Mstari mmoja tu. Leonidas akaukata kwa wino mwekundu, na pembeni akaandika: "Hakuna mnyama kama huyo. Mwandishi apimwe macho."

Na akapimwa kweli! Walimpeleka hospitali kwa barua. Akasoma herufi zote mpaka zile ndogo za chini, akasoma na jina la kiwanda kilichochapa ubao, akapewa cheti kwamba macho ni mazima. Leonidas akakiweka cheti kwenye faili, na mstari ukabaki umekatwa. Siku Bwana Afya alipopunguzwa kazi, kitu pekee alichoomba kutoka ofisini ni hicho cheti. Wenzake walibeba viti.

Basi tangu hapo alikuwa na haja moja duniani: mstari wake urudishwe. Kuna kitabu huko makumbusho, alisema, wanamoandika wanyama wote wa nchi na mahali walipoonekana. Alitaka panya wa mstari aandikwe humo, Nyegezi, na jina la aliyemwona. Siyo cheo wala kiinua mgongo. Mstari.

Utadhani mtu wa namna hiyo anapenda panya. Thubutu! Bwana Afya alikuwa anaogopa panya hai kuliko anavyoogopa simba. Siku moja tupo kwangu tunakunywa chai, panya wa kawaida kabisa wa jikoni akapita ukutani, na Bwana Afya nilimkuta juu ya meza. Sikumwona akipanda. Chai yake ilikuwa bado mkononi, haijamwagika hata tone. Mke wangu, Mama Kulwa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe siyo uliyehesabu panya miaka yote?" akamwuliza.

"Niliowahesabu walikuwa wamekufa, mama," alisema kutoka juu mezani. "Aliyekufa hana haraka."

Kabla sijaenda mbali niseme kwa nini mimi mwenyewe nipo hai kuandika haya. Ulipoingia kipindupindu kwenye kota za ghala, tulikuwa watu wengi na choo kimoja, na kile choo sitaki kukikumbuka. Majirani zangu wawili walikwenda. Mimi nilikuwa nakwenda. Bwana Afya alikuja na koti lake, akawatoa watu wote chumbani, akachanganya maji yaliyochemshwa na chumvi na sukari kwenye ndoo, akakaa kando ya kitanda changu siku tatu na kijiko. Kila nikitoka chooni anaandika alama ukutani kwa mkaa. "Ya tisa hiyo, Baba Kulwa! Jana saa kama hii ulikuwa kumi na nne. Unapanda daraja!" Ananipongeza kama nimefaulu mtihani. Mimi sina nguvu hata za kumtukana. Zile alama Mama Kulwa hakuzipaka chokaa mpaka tulipohama. Wageni walikuwa wanauliza kama ni kalenda.

Kwa hiyo mkisoma niliyomfanyia, mjue nilimfanyia mtu wa namna gani.

Sasa bundi. Kule juu kwenye kenchi za ghala, mashine zilipozima, walihamia bundi wawili, wale wa uso mweupe kama sahani. Watu wa kwetu bundi hawamtaki, akilia juu ya paa wanaanza kuhesabu wagonjwa. Mimi nilikuwa najiandaa kuwatoa kwa manati. Bwana Afya akaja kukagua choo cha ghala, ambacho hakikuwa na mtumiaji isipokuwa mimi, akaona chini sakafuni vitu vyeusi, vinang'aa, ukubwa wa kidole gumba. Akapiga magoti. Akaokota kimoja kwa kibano, akakinusa, akanitazama machozi yanamlenga.

"Baba Kulwa. Hivi unavifanyia nini?"

"Nafagia. Ni mavi ya bundi."

"Mavi!" Alipandisha sauti mpaka bundi mmoja juu akageuza shingo. "Mavi yanatoka chini. Hiki kimetoka juu! Hiki ni kidonge!"

Akanieleza. Bundi hana meno. Panya anammeza mzima, na koti lake, na viatu vyake. Nyama inayeyuka tumboni, ila manyoya na mifupa haviyeyuki, vinaviringwa kuwa donge, asubuhi anakohoa, analitema. Ndani ya donge mifupa yote imo, fuvu, meno, vyote. Unaloweka kwenye maji ya uvuguvugu, unapasua taratibu, unachuja kwa chujio la chai, unapanga mifupa kwenye karatasi nyeusi, na meno yanakwambia huyu alikuwa nani.

"Mtego unamngoja panya aje," alisema. "Bundi anamfuata nyumbani kwake, na hamwulizi Leonidas."

Tukaanza kazi asubuhi ile ile. Yeye huyo huyo ambaye alikuwa hapokei chapati kwa mtu kabla hajamwona ananawa, alijaza nyumba yake matapishi ya bundi. Makopo ya maziwa ya unga yamepangwa rafu nzima, kila moja na siku yake na namba, namba zikianza upya kila msimu. Alikuwa anawatukuza wale bundi vibaya. Jike alimwita Mheshimiwa, dume akamwita Katibu. Tukiingia ghalani asubuhi anavua kofia, anatazama juu, anamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, Mheshimiwa. Jana tumekula nini?" Kisha ananigeukia: "Punguza sauti, amelala. Amefanya kazi usiku kucha, siyo kama wewe."

Mimi alinilipa kwa sabuni. Kila kidonge kizima, kipande kimoja cha sabuni ya mche. Alikuwa amepewa makasha ya sabuni na mradi fulani wa usafi ambao wenyewe waliondoka wakayasahau stoo. Wakati ule sabuni ilikuwa kitu. Familia yangu tulikuwa safi mpaka majirani wakaanza kutuonea shaka. Mama Kulwa akawa anauza vipande sokoni, anarudi na mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwanda vya minofu, kichwa na mifupa. Nyama ilikuwa inapanda ndege. Ndivyo tulivyoishi. Bundi anatema, sisi tunakula.

Mtu wa pili wa kutajwa ni Felista wa maandazi. Felista alichungulia dirishani kwa Bwana Afya, akamwona amekaa mbele ya karatasi nyeusi anapanga mafuvu madogo madogo kwa mstari, amevaa koti la kike, anazungumza nayo. Mnajua yaliyofuata. Kufika jioni Nyegezi nzima inasema mzee anafuga bundi wa kutuma, na yale mafuvu ni ya watu aliowapunguza. Balozi wa nyumba kumi akaja na wazee wawili kumhoji. Bwana Afya akawapokea vizuri, akawanawisha mikono wote watatu mpaka viwiko, akawakalisha, akawapa kila mmoja kidonge na kibano.

"Pasueni wenyewe," akasema. "Mkikuta mtu, mnifunge."

Mimi nilikuwepo. Walikaa saa nzima. Balozi alipata mafuvu manne, mzee mmoja alipata matano, yule wa tatu akapata mawili akaanza kulalamika kwamba kidonge chake kilikuwa kidogo. Waliondoka wanabishana nani kashinda. Lakini Felista hakunyamaza, na maneno yale ndiyo Deusi aliyatumia baadaye.

Deusi ndiye wa tatu, dalali. Huyu alipita na mnunuzi kila wiki wanapima ghala kwa hatua, wanataka kulifanya stoo ya samaki. Walianza kutoa bati moja moja juu, mwanga ukaingia kwenye kenchi, bundi wakakosa raha. Vidonge vikapungua. Kutoka viwili kwa siku kikaja kimoja kwa siku tatu. Na sabuni nayo ikapungua, maana sabuni ilifuata vidonge.

Sasa hapa nipunguze mwendo.

Mtu aliyepanga marobota ya pamba nusu ya maisha yake anaijua pamba kwa vidole. Kwenye pembe za ghala nyuzi zilikuwa zimebaki, za kijivu, zimechanganyika na vumbi. Nilichukua kiasi cha ngumi, nikaviringa kwa viganja. Nikapaka masizi ya sufuria. Hayakung'aa. Nikachukua mlenda wa mboga ya mchana, nikapaka juu, nikaanika kwenye bati. Mungu anisamehe, kiling'aa kuliko cha bundi. Kwa upande wa mifupa sikuthubutu kugusa panya, nikatia vichwa vya dagaa. Nilitengeneza vitatu. Viwili vilichukuliwa na paka kwa ajili ya dagaa. Kimoja nikampelekea Bwana Afya, nikachukua sabuni yangu, nikaondoka natazama chini.

Nilijua atacheka, atanitukana, basi. Kesho yake alfajiri anagonga mlango wangu mpaka bawaba zinalia.

"Baba Kulwa! Amka! Tuna bundi mvuvi!"

"Bundi nani?"

"Namba tano! Ndani ni samaki watupu! Mheshimiwa anavua!"

"Na... na ngozi yake? Yale manyoya?"

"Pamba! Anaishi kwenye pamba, ataacha kumeza pamba? Vaa viatu!"

Nilitakiwa kusema pale pale. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini nyuma yangu Mama Kulwa alikuwa anafua, povu limejaa beseni, na mdomo ukajifunga wenyewe. Tukaenda ziwani. Bwana Afya alisimama kwenye jiwe na koti lake, manyoya ya pinki yanapepea, anawauliza wavuvi waliokuwa wanashusha samaki kama wamewahi kumwona bundi akivua.

"Bundi?" akauliza mmoja. "Wa rangi gani?"

"Mweupe usoni."

"Anatumia nyavu au ndoana?"

"Anatumia makucha, bwana!"

"Basi huyo hana leseni," akasema mwingine, na mtumbwi mzima ukalala kwa kicheko. Mwingine akapaza sauti: "Mwambie atusaidie kuvuta haya magugu maji kwanza!" Bwana Afya akaandika kwenye daftari, nilimwona kwa macho yangu: "Wavuvi hawajamwona. Uchunguzi unaendelea."

Kisha, kabla wiki mbili hazijaisha, kama Mungu alikuwa anatuchezea, namba tisa. Hiki kilikuwa kidonge cha kweli, nilikiokota mimi chini ya Mheshimiwa, bado kina joto. Bwana Afya alikiloweka, akakipasua, akachuja, mara nikaona mkono wake umesimama hewani. Kwenye ncha ya kibano kulikuwa na fuvu dogo kama punje ya karanga, limepasuka katikati, upande wa kulia na upande wa kushoto, kila upande na jino lake la mbele. Akanipa lenzi.

"Tazama jino. Unaona nini?"

"Jino."

"Tazama vizuri!"

Kwenye jino kulikuwa na mfereji, umechorwa kutoka juu hadi chini, kama mfereji wa maji ya mvua. Panya wa jikoni hana. Bwana Afya akachukua kitabu chake kilichochomoka kurasa, akafungua ukurasa ambao ulifunguka wenyewe kwa mazoea, akaweka kidole. Halafu akarudia kuchambua manyoya ya namba tisa kwenye maji, unywele kwa unywele, na akapata kipande cha ngozi ya mgongo kisichozidi ukucha. Kahawia. Mstari mweusi katikati.

Hakupiga kelele. Alitoa cheti cha macho mfukoni, akakifungua, akakisoma chote kwa sauti, polepole, mpaka sahihi ya daktari na muhuri. Halafu akaniambia, "Nenda kanawe, Baba Kulwa, nataka kukupa mkono."

Tukafunga kifurushi cha makumbusho. Vidonge kumi na viwili, vilivyopasuliwa na vizima, kila kimoja na namba yake. Upande wa kulia wa fuvu na ile ngozi akatuma, upande wa kushoto akabaki nao kwenye kichupa cha sindano. Na namba tano akatuma. Nilimwambia, "Namba tano si uiache kwanza, uchunguzi bado?" Akasema mtafiti hachagui cha kuonyesha. Posta aligombana na karani kwa sababu karani alilamba stempu. Bwana Afya hakulamba stempu wala bahasha tangu nimjue. Alisema ulimi wa mtu ni choo kisicho na mfuniko. Alikuwa na gundi yake ya unga wa ngano kwenye kichupa, na siku hiyo alipaka kwa brashi mbele ya foleni nzima, bila haraka, kama anapaka rangi kanisa.

Tulingoja miezi mitatu. Katika miezi hiyo Deusi alimaliza kazi yake. Aliwaambia watu ghala lina bundi wa kichawi, wakaja kwa hiari yao, bila malipo, wakawasha matairi ndani. Mheshimiwa na Katibu walitoka mchana kweupe, wanapepesuka kwa jua, kunguru wanawafuata, wakaelekea upande wa mawe. Sijui waliishia wapi. Mimi mlinzi nilisimama mlangoni na rungu langu, nikamwuliza Deusi ni nani kamruhusu. Akaniuliza nalinda mali ya nani. Nikalishusha rungu.

Barua ikaja. Bwana Afya aliisomea kwangu, barazani, amesimama. Mtaalamu alikuwa ameandika kwa adabu sana, na adabu ndiyo iliyoniua. Alisema sampuli namba tano ina nyuzi za pamba zilizosokotwa kwa mkono wa binadamu, masizi, na vichwa vya dagaa. "Dagaa wametiwa chumvi," aliandika. "Hatujui bundi anayetia chumvi." Kwa sababu hiyo hawawezi kuamini kifurushi chote, pamoja na namba tisa, ambayo ingekuwa ya thamani kubwa kama ingetoka kwa mtu wa kuaminika. Wanaomba asitume tena.

Mama Kulwa alikuwa anatoa maganda ya viazi. Alisimamisha kisu. Alikuwa anajua, masizi yalikuwa ya sufuria yake.

Bwana Afya alikunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa cheti. Kisha akatia mkono mfuko wa sabuni, akatoa kipande, akaniwekea kwenye kiganja.

"Cha kidonge gani?" nikauliza.

"Kumi na mbili. Sikuwa nimekupa."

Akaaga. Baada ya wiki nyumba yake ikawa tupu, makopo yamebaki rafuni yameoshwa. Walisema amevuka kwa kivuko cha Busisi, yupo upande wa Sengerema kwa ndugu zake. Hakuniuliza kitu, wala mimi sikusema kitu. Ile sabuni hatukuifulia. Ipo mpaka leo, imepasuka kama kisigino.

Nilimwona tena mara moja. Miaka ilikuwa imepita, watoto wangu Kulwa na Doto walikuwa wameshaanza sekondari, mimi navusha dagaa wakavu kwenda Geita. Nipo Busisi upande wa kule, nangoja kivuko cha kurudi, na mbele kwenye foleni nasikia ugomvi. Mwanamke mmoja anasema, "Mzee, kwani wewe ni nani mpaka unione mikono?" Kabla sijaona uso, nikaona koti. Manyoya ya pinki yalikuwa yameisha, imebaki ngozi tupu kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa. Amechoka, fimbo mkononi, lakini anakagua viganja vya abiria mmoja mmoja.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Umenawa?" Halafu akanitazama. "Baba Kulwa! Unakwenda mara ngapi siku hizi?"

"Mara moja tu, mzee."

"Vizuri sana," akasema, kwa furaha kabisa.

Tulikaa kwenye jiwe. Akatoa kile kichupa cha sindano. Nusu ya kushoto ilikuwa humo bado, kwenye kipamba kidogo, na jino lake lina mfereji. Akanieleza kwamba yule mtaalamu wa adabu alishastaafu, amekuja kijana mwingine, binti, ambaye amekuta nusu ya kulia kwenye droo, haikutupwa. Amemwandikia. Anasema mfupa ni wa kweli, ngozi ni ya kweli, tatizo ni namba tano. Akipata maelezo ya maandishi ya namba tano, imetoka wapi na nani kaitengeneza, na jina lake, basi namba tisa itasimama peke yake na mstari utaandikwa.

"Sasa natafuta," alisema, anatazama ziwa, "mtu wa kunipa hayo maelezo. Leonidas angekuwa hai ningemshuku yeye."

Kivuko kilikuwa kinakuja. Nilitazama koti lake, nikatazama zile ndoo za watu, nikatazama kila kitu kilichopo Busisi isipokuwa yeye. Basi nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, akaniambia hasikii, ikabidi niseme kwa sauti kubwa, foleni nzima ikageuka. Nilisema pamba ya ushirika, masizi, dagaa. Niliwaza amekaa miaka yote hiyo ananichukia, labda sasa atanipiga na ile fimbo, na mimi ningekaa tu.

Akatoa karatasi na kalamu. Nikanyoosha mkono, akairudisha kalamu nyuma.

"Nenda kanawe kwanza."

Nikashuka ziwani na sabuni yake, nikanawa mpaka viwiko, yeye juu anahesabu kwa sauti mpaka thelathini. Nikaandika. Mwandiko wangu mnauona, ni huu huu. "Namba tano nilitengeneza mimi, Petro Lushinge, mlinzi wa ghala la pamba, Nyegezi. Nilifanya kwa ajili ya sabuni. Bwana Afya hakujua. Zile kumi na moja ni za bundi, niliziokota mimi mwenyewe chini ya kenchi. Namba tisa ilikuwa bado na joto." Huyo ndiye wa nne. Nilisema nitamtaja.

Alisoma mara mbili. Akasema mwandiko mbaya lakini unasomeka. Akaitia karatasi kwenye bahasha, na kichupa humo humo, akaanza kupekua mifuko kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine. Kivuko kilishafungua mlango, magari yanaingia.

"Gundi imeniishia," akasema.

"Nilambe mimi, mzee? Nimeshanawa."

"Ulimi haunawi, Baba Kulwa." Alinipa ile bahasha, akainua fimbo, akaelekeza kibandani kwa mama lishe, kwenye masufuria yake ya mchana. "Ule mlenda wako. Ulishika vizuri sana. Nililoweka maji ya moto saa nzima ndipo ukaachia."

Nilisimama na bahasha mkononi. Mlenda sikuwa nimeutaja. Kivuko kikapiga honi. Nikaenda kibandani, nikamwomba yule mama mlenda wa kidole kimoja. Akaniuliza wa kula na nini. Nikapaka pembeni mwa bahasha, nikakandamiza kwa kiganja, nikahesabu mpaka thelathini.

Ukashika.